Vanishi imeharibu jiwe lako? Lichunguze jiwe kwanza

"Yaya, njoo uone, samaki wangu wameingiwa na ukungu."

Binti wa jirani yangu hapa Himbi, mtaa wa Goma, aliniita hivyo asubuhi moja ya Novemba, jiwe amelipakata kama mtoto mwenye homa. Jioni iliyotangulia lilikuwa na sambaza watano aliowachora, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wa rangi ya fedha juu ya buluu nzito. Alilipaka vanishi, akaliacha kibarazani, mvua ikanyesha usiku kucha. Kulipokucha sambaza walikuwa wanaogelea kwenye maziwa ya ng'ombe.

Alikuwa tayari amemhukumu muuzaji: kopo la bei rahisi, vanishi imeongezwa maji, mama wa watu kaibiwa. Inawezekana. Ila katika mawe mengi niliyoyaharibu mwenyewe na niliyoletewa yakiwa yameharibika, vanishi mbovu imekuwa sababu mara chache sana. Kosa huwa limeshaingia kabla kopo halijafunguliwa, na hapa Goma mara nyingi limeingia kwenye jiwe lenyewe.

Mawe yetu si mawe ya kawaida. Tunachora juu ya lava ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ile iliyopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 mpaka ikaingia ziwani, na ile iliyoteremka tena 22 Mei 2021. Lava ikiwa ya moto hubeba gesi; inapoganda, gesi huacha vitundu. Vingine unaviona kwa macho, vingine vimejificha ndani. Jiwe la namna hiyo hunywa maji na kushika hewa, na siku ukilifunga kwa vanishi, maji na hewa hutafuta pa kutokea. Maelekezo yaliyoandikwa kwenye kopo hayakumfikiria mtu wa Goma. Yalifikiria ubao, au kokoto laini ya mtoni.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta dalili ya jiwe lako hapo chini, jiulize mambo matatu. Jiwe lilikuwa kavu mpaka ndani? Rangi ilikuwa imekauka mpaka chini, au juu tu? Na vanishi yako ni ya maji, ya mafuta, au ya kupuliza? La tatu utalijua kwa namna unavyosafisha brashi. Ikisafishika kwa maji na sabuni, ni ya maji, yaani akriliki. Ikidai tapentaini, ni ya mafuta, ile mafundi wanayopaka kwenye milango. Ya kupuliza kwa kawaida ina kiyeyusho kikali kinachoruka upesi, na hapo ndipo raha yake na balaa yake vinapokaa.

Jiwe limekuwa jeupe, kama limepuliziwa pumzi

Hii ndiyo malalamiko namba moja kuanzia Septemba mpaka Mei, na ina sababu nne zinazofanana kwa sura.

Ikiwa ulitumia vanishi ya maji na jiwe bado ni jipya, subiri. Vanishi hiyo ni nyeupe ikiwa mbichi na huwa angavu maji yakishatoka. Ukiipaka nene, au usiku wa baridi, weupe unaweza kukaa siku kadhaa. Weka jiwe ndani ya nyumba mahali pakavu penye hewa, usiliguse, lirudie baada ya siku 3.

Ikiwa ulipuliza kwenye kopo wakati hewa ina unyevu, kisa ni kingine. Kiyeyusho kinaporuka kwa kasi hupoza uso wa jiwe, na unyevu wa hewa huganda pale kama umande kwenye chupa ya bia iliyotoka kwenye friji. Umande huo hunaswa ndani ya vanishi inayokauka. Dawa yake hushangaza watu: siku kavu, mchana, puliza tena tabaka moja jembamba sana la vanishi ileile. Kiyeyusho kipya hulainisha tabaka la zamani na kuruhusu unyevu utoke. Mara nyingi weupe huondoka mbele ya macho yako. Usipoondoka, usiendelee kupuliza kwa hasira, maana unaongeza unene tu.

Sababu ya tatu ni ya vanishi isiyong'aa. Ndani yake kuna unga mwembamba unaoua mng'ao, na unga huo hutuama. Usipokoroga, nusu ya kwanza ya kopo hung'aa, na nusu ya mwisho huacha utando wa chokaa, hasa juu ya nyeusi na buluu. Hapa tiba ni rahisi: paka juu yake tabaka moja la vanishi inayong'aa ya aina ileile. Hujaza zile chembe na rangi hurudi. Kama hutaki mng'ao, malizia na isiyong'aa, safari hii ukiikoroga kutoka chini taratibu kwa kijiti.

Ya nne ndiyo iliyowapata sambaza wa binti wa jirani yangu. Jiwe lilikuwa na maji ndani. Alikuwa ameliosha Jumamosi, akalianika nusu siku, akachora Jumapili. Lava iliyolowa haikauki nusu siku. Uso hugeuka mkavu upesi kwa sababu ni mweusi na jua linaupiga, lakini vitundu vya ndani bado ni mitungi. Ukungu wa aina hii unautambua kwa sababu hauenei sawasawa. Huwa na madoa, mazito zaidi penye mashimo, na hubadilika: asubuhi mwingi, alasiri kidogo.

Namna ya kujua kama jiwe ni kavu ninayoiamini ni mbili. Ukiwa na mizani ya jikoni, lipime leo, lipime kesho saa ileile. Uzito ukishuka, bado lina maji. Huna mizani? Litie kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, funga, weka juani saa 2. Kioo kikipata jasho kwa ndani, jibu umelipata. Wakati wa mvua naacha jiwe la ukubwa wa ngumi juma zima karibu na ukuta wa jikoni kabla ya kuligusa. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, siku 3 za jua hutosha.

Tafadhali usiharakishe kwa kulitupa jiwe bichi kwenye makaa ya mbabula, yaani jiko la makaa. Maji yaliyofungwa ndani yakigeuka mvuke huweza kulipasua jiwe, na vipande huruka. Joto la jua linatosha. Ukilazimika, liweke mbali na moto, pale unapoweza kuacha mkono wako bila kuchomeka.

Ule wa sambaza tuliuponya nusu. Tulikwangua vanishi ya upande wa chini, ambako hakukuwa na picha, ili maji yapate mlango, tukaliacha jiwe juma moja na nusu. Samaki wanne walirudi. Wa tano bado ana mawingu tumboni.

Viputo

Viputo vidogo vilivyotawanyika kila mahali vinatoka kwenye mkono wako: ulitikisa kopo la vanishi ya kupaka kama unatikisa dawa ya kikohozi, au ulisugua brashi mara nyingi mahali pamoja. Koroga, usitikise, na brashi ipite mara moja ikiwa imelala. Ya kupuliza ndiyo inayotikiswa.

Lakini viputo vinavyotokea palepale kila ukirudia, kimoja juu ya kila kitundu, ni pumzi ya jiwe. Hewa ikipata joto hutanuka. Ukipaka vanishi asubuhi kisha jua likapanda, hewa iliyo ndani ya vitundu husukuma vanishi juu kama mandazi yanavyovimba kwenye mafuta. Kiputo hupasuka na kuacha shimo, au kisipasuke kikabaki na ngozi nyembamba itakayovunjika ukiliosha jiwe.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba suala ni saa ya kupaka. Siku hizi mawe ya lava nayapaka vanishi yakiwa yanapoa, si yanapopata joto. Naliacha jiwe kibarazani mchana, saa 9 alasiri naliingiza ndani, nasubiri nusu saa, kisha napaka. Jiwe linapopoa hewa ya ndani hujikunja na kuivuta vanishi kuingia kwenye vitundu badala ya kuisukuma. Jiwe liwe vuguvugu tu. Likiwa la moto vanishi itakauka juu kabla ya chini.

Tabaka la kwanza liwe jembamba, limesuguliwa kuingia. Kwa vanishi ya maji mimi huongeza maji kidogo, si zaidi ya sehemu 1 kwa sehemu 10 za vanishi, kwa tabaka hilo la kwanza peke yake. Halionekani zuri, na halikusudiwi kuonekana. Kazi yake ni kuziba midomo ya vitundu.

Kama viputo vimeshakauka, vikate vichwa kwa msasa laini, namba 400 au zaidi, ukisugua kidogo bila kufika kwenye rangi. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha ikauke, jaza mashimo kwa ncha ya brashi ndogo, kisha paka tabaka jembamba juu ya vyote.

Na kama bado hujachora, fikiria kulijaza jiwe mapema. Wengine hupaka rangi nyeupe ya akriliki matabaka mawili au matatu kwanza. Mimi sipendi kufunika lava yote, kwa sababu ule weusi ndio Goma yenyewe. Naweka nyeupe pale tu picha itakapokaa.

Mistari imetambaa, maandishi yamelia

Umeandika jina la bibi harusi kwa kalamu, herufi zimekaa vizuri, ukapitisha vanishi, jina likawa moshi. Hapa jiwe halina hatia. Wino umekutana na kiyeyusho chake.

Kanuni ni moja: vanishi isiwe na kimiminika kile kinachoyeyusha wino wako. Kalamu za maji hulia zikikutana na vanishi ya maji. Zile kalamu nzito zenye harufu kali, za kuandikia kwenye maboksi, wino wao huyeyuka kwa spiriti, na nyingi huvuja zikipuliziwa vanishi yenye kiyeyusho kikali. Fanya jaribio kabla: chora mistari miwili kwenye jiwe baya, iache siku nzima, futa mmoja kwa pamba yenye maji na mwingine kwa pamba yenye spiriti ya hospitali. Ule ulioacha rangi kwenye pamba umekuambia vanishi ipi uikwepe.

Kalamu za rangi ya akriliki, ambazo wino wake hufunika kama rangi ya brashi, zikikauka siku nzima huvumilia vanishi ya maji, mradi usisugue. Ukiwa na wasiwasi, puliza kwanza ukungu mwembamba wa vanishi kutoka umbali wa sentimeta 30 hivi, mpaka jiwe lionekane kama limenyunyiziwa vumbi la maji, usilowanishe. Acha dakika 20. Rudia mara mbili. Baada ya hapo mistari imefungwa na unaweza kupaka kwa kawaida.

Mistari iliyokwisha kutambaa haina tiba. Fuata umbo lake ukachore upya juu, au geuza moshi uwe kivuli. Nimewahi kugeuza jina lililolia likawa mlima wenye mawingu, mteja akasema ni zuri kuliko alivyoagiza. Sikumwambia kitu.

Bado linanata, hata juma limepita

Bonyeza kwa kidole mahali pasipoonekana. Kikiacha alama ya vidole kwenye vanishi ya mafuta, uliza mambo haya kwa mpangilio: uliipaka nene? Uliliweka jiwe kwenye boksi lililofungwa? Vanishi ya mafuta haikauki kwa kuruka tu. Huvuta oksijeni kutoka kwenye hewa ili iwe ngumu, na ndani ya boksi haipati. Au, na hili nalisikia mara nyingi, uliichanganya na petroli ya taa, yaani mafuta ya taa, kwa kuwa tapentaini ilikuwa ghali? Petroli ya taa ni ya mafuta na huondoka polepole mno. Litoe jiwe kwenye upepo wa mchana, mbali na vumbi, ulipatie majuma 2. Likikataa, futa vanishi yote kwa kitambaa chenye tapentaini na uanze tena. Vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta vitandaze nje vikauke, usivikunje pamoja kwenye kona, kwa sababu vinaweza kupata joto vyenyewe na kushika moto.

Vanishi ya maji hunata kwa sababu nyingine. Ikiwa ni baridi sana chembe zake haziungani vizuri. Chini ya nyuzi 10 za selsiasi usiipake kabisa. Hapa mjini, kwenye mita 1,500 hivi, mchana si tatizo. Anayeishi juu zaidi, njia ya Masisi, apake saa za jua na aingize mawe ndani jioni. Na hata ikiwa imekauka vizuri, akriliki hubaki laini kidogo kwenye joto. Ukipanga mawe moja juu ya jingine kwenye meza ya soko juani, yatashikana. Nilifunga mawe 6 kwenye gazeti kwa ajili ya mtu aliyekuwa anavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Alipoyafungua, jiwe moja lilikuwa na habari za michezo mgongoni. Acha mawe majuma 2 kabla ya kuyafunga, kisha tumia kitambaa cha pamba, si gazeti wala nailoni. Ukipitisha nta kidogo ya kung'arishia samani juu ya vanishi iliyokomaa, mnato hupungua.

Rangi imekunjamana kama ngozi ya maziwa

Kiyeyusho kikali kimeamsha rangi isiyokomaa. Hutokea sana mtu anapopuliza vanishi juu ya rangi ya mafuta ya siku 1 au 2, au anaporudia tabaka la pili baada ya saa kadhaa. Soma kopo: mengi husema rudia ndani ya saa moja au mbili, la sivyo subiri siku nzima au zaidi. Katikati ya nyakati hizo tabaka la chini limekauka juu na ni bichi chini, na ndipo linapojikunja. Hakuna kunyoosha. Acha likauke kabisa, sugua kwa msasa, chora upya.

Vanishi inabanduka vipande

Kipande kikibanduka, kigeuze uangalie upande wake wa ndani. Kikiwa hakina rangi, vanishi haikushika rangi: kulikuwa na mafuta ya mkono, au vumbi. Kikiwa kimebeba rangi, basi rangi haikushika jiwe. Kikiwa kimebeba rangi pamoja na unga mweusi, jiwe lenyewe ndilo lililobomoka. Ulichora juu ya ganda legelege la lava bila kulisugua kwa brashi ya waya.

Vumbi letu jeusi ni adui mwenye subira. Kuosha kwa maji tu hakulitoi kwenye vitundu. Piga brashi ngumu kavu kwanza, kisha osha, suuza mara mbili, kausha kama nilivyosema. Sabuni nayo isibaki. Mawe yaliyookotwa ufukweni mwa ziwa yana utando mwembamba wa kijani usioonekana yakikauka. Yasugue mpaka yasiteleze.

Kwa mawe ya bustani au ya kuandika jina la nyumba kuna sababu nyingine, na watu wanaifanya kwa nia njema: wanapaka vanishi pande zote, juu na chini, "ili maji yasiingie". Yataingia. Mkwaruzo mmoja unatosha. Yakishaingia hayana njia ya kutoka isipokuwa kuisukuma vanishi ya juani. Mimi naacha tumbo la jiwe wazi na kuliweka juu ya changarawe, lisikae kwenye udongo wenye maji.

Imekuwa ya manjano, au picha imepauka

Manjano ni tabia ya vanishi ya mafuta. Juu ya nyeupe utaiona mapema. Picha nyeupe na buluu zipake akriliki. Resini ya sehemu mbili, ile ya kumimina nene kama kioo, nayo hugeuka manjano juani isipokuwa imetengenezewa jua.

Kupauka ni jambo la rangi. Tuko karibu na ikweta na juu ya usawa wa bahari, jua ni kali, na rangi zinazowaka kama za kalamu za kusisitizia maandishi hazidumu hata chini ya vanishi nzuri. Vanishi yenye kinga ya miale ya jua huchelewesha tu. Jiwe la nje nalipaka tena kila mwaka, mwezi wa Juni, baada ya kuliosha na kulisugua kidogo.

Vanishi inakimbia na kuacha vidimbwi

Mafuta. Ya nywele, ya kupaka, ya vitumbua. Ifute ikiwa mbichi, safisha kwa pamba yenye spiriti kidogo baada ya kujaribu pembeni kwamba haibebi rangi, rudia. Shika jiwe kwa pembeni, au liweke juu ya vifuniko 3 vya chupa ili usiliguse na lisigande kwenye meza.

Kuhusu mahali pa kupulizia: nje, au chumba chenye madirisha mawili wazi, na mbabula isiwe karibu. Mvuke wa kiyeyusho ni mzito kuliko hewa, hushuka sakafuni na kutambaa mpaka kwenye moto. Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa hilo, tunajua mazuku, ile gesi nzito ya volkano inayoua, inavyojilaza kwenye mabonde. Usichague shimo au bonde kwa kuwa halina upepo.

Binti wa jirani yangu ameshapata jiwe jingine. Lipo juu ya kabati la jikoni kwao tangu Jumanne, na juu yake amebandika kipande cha karatasi chenye uzito wa kila siku. Jana lilikuwa gramu 412, leo 409. Bado hajachora.